Nani kasema ndege ni mambo ya Wazungu?

Kuna kauli imezoeleka hapa pwani: kutazama ndege ni mambo ya Wazungu wastaafu, watu wa kofia pana na darubini shingoni. Mswahili akionekana kamkodolea ndege macho, basi anamtafutia kitoweo au kaajiriwa na mtalii. Kauli hii ni ya uongo, tena ina hasara.

Mvuvi wa Watamu au Shimoni akiona ndege wa bahari wanazunguka na kujitupa majini, huelekeza chombo huko, maana anajua chini yao pana samaki. Huko bara, warina asali wa Kiborana wameongozwa na ndege aitwaye mlembe tangu enzi za mababu. Hussein Isack, mtaalamu Mkenya, na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer waliwafuatilia, na mwaka 1989 wakachapisha matokeo: bila mlembe, kuwapata nyuki huchukua wastani wa karibu saa 9, akiwepo mlembe, saa 3 na kidogo. Watu wanaowajua ndege kiasi hicho ndio wanaoambiwa wanaiga Wazungu!

Novemba, mvua za vuli zilipotupa nafasi, tulikwenda hori ya Mida na marafiki, wote wazaliwa wa hapa hapa, na darubini moja ya kupokezana. Maji yalikuwa yamekupwa. Vijana waliokuwa wakichimba chambo matopeni wakatucheka: "Leo wamekuja Wazungu weusi!" Mwenzetu akampa mmoja wao darubini. Akamnasa ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye naye alikuwa kamnasa kaa. Ndege akamkung'uta kaa huyo, akamkung'uta tena, mpaka miguu ikamtoka, kisha akakimeza kiwiliwili. "Kumbe humng'oa miguu kwanza!" kijana akasema.

Mla kaa huyo hazaliani Mida. Hutaga ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, hasa katika fukwe na visiwa vya Uarabuni, kisha huja kwetu kula. Njia ya Uarabuni na pwani hii tunaijua vizuri. Babu zetu waliipita kwa majahazi.

Wapo wanaojitetea kwamba ndege wengine ni wa Ulaya, wanapita tu. Hesabu inawakataa. Pembeni mwa mla kaa walikuwapo wale wadogo wenye mdomo uliopinda, wa gramu 60 hivi, ambao huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Huko hukaa majira mafupi ya kiangazi tu. Wakubwa wao huanza kuonekana kwetu mwezi wa Agosti na huondoka Aprili au mwanzoni mwa Mei. Anayekaa kwako zaidi ya nusu ya mwaka unamwitaje mpita njia?

Hasara niliyoitaja ni hii: mtu aliyeaminishwa kwamba ndege si wake huyaona matope ya Mida kuwa matope matupu. Akija tajiri kutaka mikoko ikatwe na viwanja vipimwe, huyo huwa wa kwanza kuitikia, "Hapo hakuna kitu." Ilhali kiingilio wanacholipa wageni kutazama ndege hao hao husaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani, kupitia mpango wa ASSETS wa A Rocha Kenya. Nami, kusema kweli, sipendi hata hilo liwe ndiyo sababu kuu. Mtoto wa Mida ana haki ya kumjua ndege wa Mida hata pasipo mgeni wa kulipa.

Walimu wa pwani, wapelekeni watoto. Msingoje kununua darubini. Tazameni saa za maji, mfike yanapoanza kujaa, kwa sababu wakati huo ndege husukumwa kutoka matopeni hadi karibu na nchi kavu, na huonekana kwa macho matupu.