Daftari la Wiki: Muziki wa Wasio Wanamuziki

Jumamosi, Kambi Muru, hapa Kibera. Kinyozi wangu hanyoi sebene ikiingia. Alipokuwa mtoto kwao Vihiga alitamani sana gita, lakini babake akamwambia gita ni la walevi, mambo yakaishia hapo. Siku hizi, kila Jumamosi, redio ya kibanda chake hufunguliwa kipindi cha Roga Roga cha mtangazaji Fred Obachi Machoka. Gita la Kikongo likianza kukimbia, mashine inazimwa, nami nabaki na kichwa nusu msitu, nusu uwanja. Vidole vyake vya kushoto vinabana nyuzi hewani, vikifika mahali sekunde moja kabla ya gita lenyewe. Walio kwenye benchi hawanung'uniki. "Mwacheni," alisema mzee mmoja, "yuko kazini."

*

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na sijui ni watoto wangapi waliorudi nyumbani kutoka huko wakijiona mwimbaji Fadhili William. Mimi sikufika mbali hivyo. Katika mazoezi ya mwisho mwalimu wetu wa kwaya aliniweka safu ya nyuma, akaniambia nifungue mdomo tu, sauti nimwachie jirani. Sasa naimba nikiosha vyombo, tena kwa nguvu. Ukuta wa mabati hauna siri: nikisahau ubeti wa pili, mama wa chumba cha pili ananidakia bila kuacha kusonga ugali wake.

*

Matatu ya 46, jioni, kuelekea Kawangware. Spika ziko chini ya viti, besi inapanda kwa miguu. Mama aliyepakata mfuko wa omena alimfokea makanga apunguze kelele. Makanga akabadilisha wimbo, ikaja rumba ya zamani. Mama akanyamaza, kisha vidole vyake vikaanza kugonga ule mfuko. Tulipofika steji ya Congo hakuna aliyekumbuka kwamba palikuwa na ugomvi.

*

Filamu ya *The Constant Gardener* (2005) ilipigwa sehemu yake hapa Kibera, na ndani yake umo wimbo "Kothbiro" wa Ayub Ogada. Hadithi ya Ogada husimuliwa kama ushindi: nyatiti ya nyuzi nane imetoka stesheni za treni za London mpaka kwenye sinema za dunia. Mimi navutiwa zaidi na zile stesheni alikopiga. Waliompita pale walikuwa wanawahi kazi. Kusikiliza hakukuwagharimu chochote, wala hakuna aliyewauliza kama wao wenyewe wanajua kupiga.

*

Kule Korogocho, Ghetto Classics ya Elizabeth Njoroge inafundisha watoto fidla na tarumbeta tangu 2008. Kazi njema. Lakini sikiliza tunavyoisifu: huyu atapata ufadhili, yule atasafiri. Mtoto tunamruhusu muziki kwa sababu huenda ukamlipa. Mtu mzima akinunua gita, mtaa mzima unauliza kama kodi amelipa. Nadhani hapo ndipo tulipowapoteza wengi. Tulitaka kuwa nyota, na unyota ulipokataa tukaacha na muziki wenyewe, kana kwamba viliuzwa pamoja.

*

Ijumaa, kesha la kanisani. Mpiga kinanda ni fundi wa mabomba aliyejifunza ukubwani kwa kutazama simu. Anajua ufunguo wa C peke yake. Mwimbishaji akianzia juu, yeye anabonyeza kitufe, kinanda kinapandisha sauti zote, vidole vinabaki palepale. Stima ilipopotea saa nane usiku alihamia kwenye ngoma, na kwaya haikukosa hata kituo. Wazee walisema ngoma ya watoto haikeshi. Hii ya watu wazima ilikesha mpaka adhana ya alfajiri ikasikika kutoka Makina.

Mazoezi yao ni Jumanne jioni. Soprano wamejaa, besi hawatoshi, na umri hauulizwi.