Picha Ipo, Njia Ndiyo Iliyopotea

Hivi majuzi nilijiwa na vijana wawili kutoka Osiri, katika kaunti ya Migori, kule ambako watu huchimba dhahabu kwa sururu na kuiosha kwa karai. Walikuwa wamefiwa na nyanya yao. Walikumbuka kwamba miaka kadhaa iliyopita nilipita kijijini mwao nikikusanya msamiati wa wachimbaji, na kwamba nilimpiga marehemu picha akiwa ameinamia karai lake. Picha nyingine hawakuwa nayo. Waliitaka kwa ajili ya ratiba ya mazishi, na pia ili vitukuu wapate kuijua sura ya bibi huyo.

Niliwasha tarakilishi kwa madaha ya mtu anayejua alikoweka mali yake. Nilipoifungua programu ya albamu, mahali pa picha palikuwa na vijiraba vya kijivu, kila kimoja na alama ya kuuliza. Maelezo yote yalikuwapo: jina la mtu, tarehe, jina la kifaa kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Sura tu ndizo hazikuwapo. Mwanafunzi aliyekuwa akinisaidia alikwisha kukipeleka kipanya kwenye kitufe cha kuondoa picha zote zisizopatikana, akidhani anasafisha. Nilimshika mkono.

Nakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Wiki chache kabla ya hapo, diski ya tarakilishi ilipokaribia kujaa, nilizihamisha folda za picha hadi kwenye diski ya nje bila kupitia programu ile. Naye msomaji, kabla hajanicheka, ajiulize kama hajapata kufanya vivyo hivyo.

Wengi wetu hudhani kwamba programu ya albamu ni sanduku, na kwamba picha zimo ndani yake. Sivyo. Aghalabu programu hiyo ni daftari tu. Picha hukaa kwenye folda zake, na daftari, ambalo mafundi huliita hifadhidata, huandika kila picha iko wapi, inaitwaje, na imeelezwa namna gani. Ukiihamisha picha au kulibadilisha jina la folda huku daftari halina habari, daftari litaendelea kukuelekeza kwenye nyumba iliyohamwa. Hata diski ya nje ikichomekwa na kupewa herufi tofauti na ile ya jana, njia yote huwa imekatika ingawa hakuna kilichosogezwa.

Sisi wanaisimu jambo hili halitushangazi. Katika mihadhara ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake, tunafunzwa kwamba kiashiria na kiashiriwa havifungamani kwa maumbile bali kwa mapatano. Kinachodumu ni mapatano. Yakivunjika, neno hubaki sauti tupu. Daftari langu lilikuwa limebaki na majina yasiyo na sura, na diski ya nje ilikuwa na sura zaidi ya 600 zisizo na majina, kila moja ikiitwa kwa tarakimu ilizopewa na kamera. Lau tungalikibonyeza kitufe kile, maelezo yangalifutika, nasi tungalibaki na umati wa watu wasiojulikana.

Basi afanyeje mtu aliyefikwa na haya? Kwanza, asifute chochote. Alama ya kuuliza si cheti cha kifo. Pili, asome njia ya zamani ambayo programu inaikumbuka, aliandike jina la faili, kisha alitafute jina hilo katika tarakilishi nzima, kwenye diski za nje, na kwenye pipa la taka. Tatu, akiipata, ama airudishe folda mahali pake pa awali kwa jina lile lile, ama aiambie programu makao mapya. Nyingi za programu hizi, kama vile Lightroom, zikionyeshwa faili moja huweza kuzitambua na nduguze zilizomo katika folda hiyo hiyo. Nyingine, kama digiKam, huitambua picha iliyohamishwa kwa alama za maudhui yake, mfano wa mtu anayetambuliwa kwa alama za vidole.

Kama picha ilifutwa hasa kwenye kadi ya kamera, mtu aache mara moja kuitumia kadi hiyo. Kufuta, kwa kawaida, huondoa anwani tu. Maudhui hubaki hadi yaandikiwe mengine juu yake. Kwenye simu za Android pia huenda picha zisionekane kwa sababu ndogo: folda ikiwa na faili iitwayo .nomedia, albamu ya simu huipita kana kwamba haina kitu.

Nyanya yule tulimpata kwa njia ya tatu. Nilipoionyesha programu faili moja, vijiraba vya kijivu vilianza kujaa sura, kimoja baada ya kingine. Vijana wale walinyamaza kwa muda, kisha mmoja akasema, "Ndiye huyu, mwalimu." Wakaondoka na nakala.

Nimeyasimulia haya kwa sababu jamii za Nyanza zina historia ndefu ya picha zilizohama zikaacha wenyewe nyuma. Mwaka wa 1936 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliwapiga picha Wajaluo, na picha hizo zikaishia katika Makumbusho ya Pitt Rivers, mjini Oxford. Huko zilitunzwa vizuri, lakini mbali na wale ambao wangeweza kusema huyu ni nani na yule ni mwana wa nani. Ilipofika mwaka wa 2007 ndipo maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyatafakari ya kale, yaliyoandaliwa na Gilbert Oteyo na Christopher Morton, yalipozirudisha nakala za picha za zamani mbele ya macho ya watu wa magharibi mwa Kenya. Umri wa picha zile ulikuwa umetimia miaka 71. Wenye kumbukumbu za mwaka ule wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Picha inaweza kungoja miaka 71. Mtu ajuaye jina hawezi.

Sasa tugeuke tuziangalie shule zetu. Picha za siku ya michezo, za tamasha za muziki, za mwalimu mkuu wa kwanza, aghalabu zimo katika simu au tarakilishi ya mwalimu mmoja. Mwalimu huyo akipata uhamisho, historia ya shule huhama naye. Hata zinapobaki, hazina jina wala tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sioni ni kwa nini picha isihesabiwe kuwa mali.

Watakuwapo wa kuniambia kwamba hizi ni hofu za kizamani, kwa kuwa siku hizi picha hujihifadhi zenyewe kwenye intaneti. Nakubali kwamba huduma hizo zimewaokoa wengi. Hata hivyo, kulinganisha vifaa si kuweka akiba: ukiifuta picha kwenye simu iliyounganishwa, hufutika na kule, na baada ya muda wa pipa la taka kwisha hairudi. Isitoshe, programu nazo hufa. Picasa ilipendwa na wengi, lakini Google iliacha kuiendeleza mwaka wa 2016. Aliyekuwa ameyaacha maelezo yake katika daftari la programu peke yake alikuwa na kazi kubwa ya kuyahamisha.

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa. Mosi, kila shule iwe na nakala mbili za picha zake, moja ikae nje ya ofisi, na nakala ya hifadhidata iwekwe pamoja nazo. Pili, programu iagizwe kuyaandika maelezo ndani ya faili yenyewe, jambo ambalo programu nyingi huliweza, ili picha ikihama ihame na jina lake. Tatu, na hili nawaambia walimu wenzangu wa Kiswahili, tulifanye zoezi la darasani. Mwanafunzi aketi na mzee wa kijiji chake, wafungue picha kumi, aandike kwa sentensi fasaha ni nani, ni wapi, ni lini, na kile alichoshika kinaitwaje. Hiyo ni insha ambayo hakuna mtahini atakayeihitaji zaidi ya vitukuu.

Kwa mashimo ya Osiri, ambayo huchimbwa mwaka huu na kufukiwa mwaka ujao, kazi hiyo haiwezi kungoja. Diski itafutwayo huweza kupatikana. Mzee aliyelijua jina akiondoka, hakuna kitufe cha kumrudisha.