Élan: ari bila mkuki

Kuna neno moja la Kifaransa ambalo Waingereza wamelibeba hadi na alama yake juu ya E: élan. Wachambuzi wao wa soka na muziki wanalipenda mno. Eti timu fulani imecheza kwa élan. Kila nikilikuta kwenye habari ninayotakiwa kuitafsiri, nakwama. Niseme ari? Hamasa? Mori?

Ari iko karibu, lakini ari mtu anaweza kuwa nayo huku amekaa kitini. Mwenye élan keshaondoka! Neno lenyewe linatokana na kitenzi élancer, ambacho asili yake ni lance, yaani mkuki. Hata leo Mfaransa akirudi nyuma hatua tatu ili aruke, husemwa anachukua élan.

Sasa hebu tuangalie neno hili lilivyotumika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Ufaransa, akina Kanali Louis de Grandmaison, walihubiri kwamba jeshi lenye moyo huo likishambulia bila kusita litashinda. Agosti 1914 vijana wakakimbilia risasi za bombomu wakiwa bado na suruali zao nyekundu, wanaonekana toka mbali. Tarehe 22 pekee walikufa wapatao 27,000. Siku moja, ndugu msomaji! Moyo walikuwa nao tele. Mizinga mizito ya kutosha ndiyo hawakuwa nayo.

Nikisoma hayo nakumbuka "Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya" ya CCM na Kikwete, mwaka 2005. Nilikuwa mtoto, niliiimba sana. Siicheki. Ila naona ari ilitajwa ya kwanza, na kwetu mara nyingi ndiyo hiyo tu inayofika kwa wakati. Mwalimu wa darasa la watoto mia anaambiwa awe na ari. Nesi asiye na glovu, vilevile.

Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa kufuata habari nje ya mji. Nikauliza nauli. Mkubwa wangu akacheka: "Dogo, onyesha ari bwana!" Nikadandia lori la mkaa, nikarudi usiku nimekuwa mweusi tii, habari ikatoka ukurasa wa saba.

Nauli sijalipwa mpaka leo.