Tulimlinda mzee, au tulimtenga?



Korona ilipoingia nchini Machi 2020, tuliambiwa ukweli mmoja: ugonjwa huu huwaua zaidi wazee. Lakini ukweli huo ulipofika kwenye baraza zetu hapa Mabawa, wapo walioupotosha. "Huwaua zaidi wazee" ikawa "ni ugonjwa wa wazee", na mwisho ikawa "yule ameshakula chumvi nyingi". Hapo hatuzungumzii tena virusi. Tunapima thamani ya mtu kwa miaka yake.

Ubaguzi wa namna hii hauji na matusi kila mara. Mara nyingine huja kwa upole. Shule zilifungwa, makanisa yakabaki wazi, lakini bibi akaambiwa akae nyumbani kwa usalama wake. Kumkinga lilikuwa jambo jema. Lakini nani alimuuliza yeye anaonaje? Nani alimpelekea Meza ya Bwana, au alisimama uani, mbali kidogo, wakaomba pamoja? Julai 2021 chanjo ilipozinduliwa, wenye miaka 50 na zaidi walikuwa katika makundi ya kwanza. Hata hapo, wapo wazee ambao uamuzi wao ulifanywa na watoto.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka huohuo kwamba kubaguliwa kwa umri huudhoofisha mwili, huleta sonona na hufupisha maisha. Upweke nao ni ugonjwa.

Katika Marko 7, Yesu aliwakemea watu waliotumia neno "Korbani" kukwepa wajibu wao kwa wazazi. Neno lilikuwa takatifu, lakini mzazi alibaki bila msaada. Tujihoji: je, "usalama" haukuwa Korbani yetu?

Kumbuka pia Ana, mjane wa miaka 84 katika Luka 2. Yeye ndiye aliyewaeleza watu wa Yerusalemu habari za mtoto Yesu. Mungu hakumwona kuwa amepitwa na wakati.

Gonjwa jingine linaweza kuja. Basi kila jumuiya iwe na orodha ya wazee wake sasa, na ijue nani atampelekea nani chakula, dawa na sala. Na leo baada ya ibada, usiishie kwenye shikamoo. Ukishaitikiwa marahaba, kaa chini, uliza, usikilize.