Kabla hujalipia kozi ya kompyuta, angalia daftari lako la oda

Wafanyabiashara wenzangu, siku hizi kila nikifungua simu nakutana na tangazo la kozi ya kuandika programu. Wauzaji kadhaa wameniuliza kama watoe hela ya mzigo wakalipie. Msimamo wangu: usiguse mtaji kwa ajili ya kozi ndefu. Ila ipo lugha moja ya kompyuta inayomfaa hata muuza viatu wa Instagram, nayo ni SQL.

Kazi yake ni kuuliza maswali kwenye kumbukumbu zilizopangwa kwa safu na mistari. Ilitangazwa 1974 na watafiti wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, na tangu mwanzo hawakuwalenga mafundi kompyuta peke yao. Waliwataja wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na wapanga miji. Leo benki anaitumia mkaguzi anayesaka miamala ya mashaka, hospitali anaitumia mtu wa takwimu, kwenye makampuni anaitumia mtu wa masoko anayetaka kujua nani hajanunua tangu mwaka jana. Hao sio watengeneza programu. Wana swali tu, na jibu limelala kwenye jedwali.

Sasa sisi si ndio hivyo hivyo? Oda ziko WhatsApp, nyingine Instagram, malipo kwenye meseji za simu. Mwisho wa mwezi ukiulizwa unamdai nani, unakuna kichwa. Elfu 15 hapa, elfu 20 kule, mtaji unaisha huku unajiona unauza.

Fungua Google Sheets, ni bure. Safu A weka tarehe, B mteja, C bidhaa, D kiasi, E malipo. Kwenye E andika amelipa au bado. Halafu pembeni, tuseme G1, andika:

=QUERY(A:E,"select B, sum(D) where E = 'bado' group by B")

Inakuletea kila mwenye deni na jumla yake. Ukiweka C mahali pa B zote mbili, na amelipa mahali pa bado, unaona bidhaa ipi inaingiza hela. QUERY inafanana sana na SQL, kwa hiyo ukiizoea umeshaanza.

Angalia haya: "Bado" na "bado" kwake ni vitu viwili, na simu nyingi zinapenda kuanza na herufi kubwa zenyewe. Kiasi andika 15000, sio "elfu 15", la sivyo haijumlishi. Na mteja mmoja awe na jina moja. Leo ukimwita Mama Rehema, kesho Mama Rehema Tabata, deni lake linagawanyika na utamdai nusu (yeye hatakukumbusha).

Kwa mwenye oda 30 kwa wiki, hiyo inatosha kabisa. Kama unataka ajira pembeni ya biashara, hapo sawa, jifunze SQL yenyewe. SQLite ni programu ya bure ya kufanyia mazoezi, na oda zako ndio mazoezi mazuri kuliko mifano ya kwenye kozi. Anayekuahidi ajira baada ya wiki mbili, muulize wanafunzi wake wa mwaka jana wanafanya kazi wapi.

Fomula ikigoma, niandikie safu zako zikoje. Nitajibu jioni nikimaliza kufunga mizigo.