Bustani ya Nyumbani: Chokaa na Maua

Mwezi huu twataka kusema juu ya chokaa, na twaanza kwa kuungama kosa letu. Tulipokwisha kupaka kuta za nyumba, tuliona ni hasara kuyatupa masalio ya chokaa, tukayamimina chini ya mgadenia uliokuwa pambo la mlango wetu. Haikupita miezi mingi, majani machanga yakageuka manjano, mishipa yake tu ikibaki kijani, na vitumba vikapukutika.

Wengine walitushauri tuongeze samadi, lakini mti haukuwa na njaa. Chokaa huondoa uchachu wa udongo, na mgadenia wapenda uchachu. Ukipungua mno, chuma kilichomo udongoni hakiyeyuki vema, mizizi haiwezi kukipata, na majani hukosa rangi yake. Kamelia na azalea ni vivyo hivyo.

Je, chokaa haifai? Yafaa sana mahali pake. Katika milima yenye mvua nyingi, kama Usambara, maji huichukua chokaa ya asili, na udongo huzidi kuwa mchachu. Huko mawaridi hudhoofika, nayo hupata nafuu yakitiwa chokaa kidogo. Lakini pwani, penye udongo wa matumbawe, chokaa imo tayari. Twaeni udongo mkavu, mtie siki. Ukitoa povu, msiongeze chokaa.

Tena haidranjia ni shahidi mwema: penye uchachu maua yake huwa ya samawati, na penye chokaa huwa ya waridi.

Mwenye kuihitaji chokaa na atumie ile iliyokwisha kuzimwa, maana isiyozimwa huunguza macho na mikono. Gramu 150 kwa mita moja ya mraba zatosha kwa mara moja. Ichanganywe na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda, wala isitiwe pamoja na samadi mbichi, maana nguvu ya samadi hupotea hewani.

Mgadenia wetu tuliuondolea udongo wa juu, tukaufunika kwa majani yaliyooza. Mwaka uliofuata majani mapya yalitoka kijani, ila maua yalikuwa machache. Basi, ndugu, kabla ya kuupa udongo kitu, uulizeni kwanza umepungukiwa na nini.