NYUMBANI NA MIFUGO: Paka wa Sokoke

Juma hili twamgeukia mnyama asiyekosekana katika nyumba zetu, za kambini na za uraiani: paka. Wengi hudhani kwamba paka wa nasaba, yule ambaye wazazi wake wameandikwa daftarini, hutoka Uajemi au Siam tu. Sivyo. Mmoja wao asili yake ni kwa jirani zetu, katika pwani ya Kenya.

Baina ya Kilifi na Malindi upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Wagiriama wa huko humwita paka huyo khadzonzo, wakiyafananisha manyoya yake na gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba la minazi karibu na msitu huo, alikuta watoto wa paka wenye sura hiyo, akawachukua wawili, dume na jike, kuwalea. Rafiki yake, Gloria Moeldrup, akawapeleka baadhi ya wazao wao Denmark. Mwaka 1984 walionyeshwa mjini Copenhagen, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafuga paka, FIFe, likawatambua rasmi.

Wako waliodhani kuwa huyu ni paka-mwitu. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba ni paka wa nyumbani, jamaa ya paka wa kawaida wa pwani hiyo.

Katika maonyesho, paka hukaguliwa vipi? Askari ataelewa upesi. Kama vile mkaguzi wa gwaride apimavyo sare kwa kanuni zilizoandikwa, ndivyo mwamuzi ampimavyo paka. Sokoke yampasa awe na mwili wa wastani, mwembamba wenye misuli, na miguu mirefu, ile ya nyuma ikizidi ya mbele, hata mwendo wake uwe kama wa anyataye. Kichwa kionekane kidogo kikilinganishwa na kiwiliwili. Macho yawe na umbo la lozi, rangi ya kaharabu au ya kijani kibichi chepesi. Manyoya yawe mafupi, yaliyolala, na mkia uchongoke kama mjeledi, ncha yake nyeusi. Mabaka yawe makubwa, ya mviringo, na ndani yake zichanganyike nywele za rangi mbili. Hapo ndipo hasa lionekanapo lile gome la mti. Manyoya marefu, kiwiliwili kinene, au doa jeupe kifuani ni kasoro.

Hata hivyo, kufuata sura peke yake kuna hatari. Paka wa kwanza waliofika Ulaya walikuwa wachache mno, na wazao wao wakawa wanazaana jamaa kwa jamaa. Kizazi kikiendelea hivyo hudhoofika: watoto hupungua, na maradhi yaliyojificha katika damu hujitokeza. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya mwanzo ya 2000 wafugaji walirudi pwani ya Kenya kutafuta paka wapya. Wahenga hawakukosea waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kizazi kilichoandikwa katika madaftari ya Ulaya kiliokolewa na paka wasioandikwa popote.

Nasi tuna la kujifunza. Paka wako akizaa, usiwaache watoto wake wakazaana wao kwa wao. Mpe jirani dume, nawe utafute dume wa mbali. Mpeleke paka kwa bwana mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia, na akiuma huambukiza watoto wetu. Tena, kabla ya kumfukuza yule paka wa mabaka alalaye nyuma ya jiko, mtazame vema. Huenda hana cheti, lakini damu yake ni akiba.